Sarafu ya Akika

Shemeji yangu Baya, mume wa mdogo wangu Nyevu, ni sonara hapa Kuze, na kwa majivuno hana mwenzake. Siku ya akika ya binti yao Saumu, asubuhi ya jua zuri, pilau iko jikoni, alikuja na mizani ya dukani. Desturi ni kwamba mtoto akishanyolewa, nywele zake hupimwa kwa fedha, na fedha hiyo ikatolewa sadaka. Baya hakutaka fedha ya kawaida. Aliweka sarafu aliyoinunua pamoja na bangili mbovu: sarafu ya Kiyunani, ya enzi za wafalme waliogawana milki ya Iskandari Mkuu, yenye uso wa kijana mwenye pembe ya kondoo sikioni.

Nywele zile, ambazo ningezipuliza zingepotea, zilishuka. Sarafu ikapanda. Tulicheka, tukasema mizani imeharibika.

Ilipasa sarafu ile itolewe. Lakini Baya alikuwa ameshaambiwa thamani yake, tamaa ikamwingia. Alitoa kipande kingine cha fedha, sarafu akaifungia kabatini. Nyevu alimsihi, hakusikia.

Kliniki wakaanza kushangaa. Saumu ananyonya vizuri, mashavu yamejaa, lakini kila akipimwa uzito umepungua. Wakabadilisha mizani. Wakampima damu, wasione kitu. Siku moja nilimpakata, nikaogopa: mtoto mnene, na mikononi mwangu hafiki uzito wa leso. Akilazwa, godoro halibonyei.

Hapo kiburi kilimwisha Baya. Alikimbia na sarafu hadi mlangoni pa msikiti, akamtia mkononi mzee kipofu anayeomba pale. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mzee aliipapasa ile pembe. Akaipapasa tena. Kisha akanong'ona:

"Irejeshe, mwanangu. Hii ishapimiwa mtu."

Maskini wengine pale nao waliikataa. Baya akaiyeyusha. Fedha ikawa maji, ikapoa. Uso ukarudi.

Nyevu akawa anamfunga mtoto kifuani kwa leso, asimtoke. Tulisoma, tukaomba, tukachoka. Sikuwa na la kumfanyia mdogo wangu.

"Dada," aliniambia, "niko naye hapa na simhisi."

Saumu alifariki adhuhuri, mashavu yake yamejaa vilevile. Tulilia mpaka sauti zikakauka.

Kitoto kama kile hubebwa na baba yake mikononi mpaka makaburini. Baya aliipokea sanda. Magoti yakamkunjika kwa uzito. Wanaume wakamkimbilia, akawakataza kwa kichwa. Akapiga hatua. Jasho likamtiririka. Akapiga nyingine. Sisi wanawake tulibaki mlangoni tukimtazama hadi akapinda kona.

Leo ukipita kichochoro chetu utaona nyayo za mtu mmoja zilizozama kwenye saruji, kuanzia mlango wa Nyevu, zote zinaelekea makaburini. Tumezifukia kwa saruji mpya. Ikikauka, zinazama tena.