Mtani wa Mjomba Rehani

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya kijiji cha Kinole mlimani, Mwajuma aliteka maji mtoni, akafagia uwanja, kisha akampelekea uji mjomba wake Rehani, aliyekaa chini kidogo ya mteremko. Njiani watu walimuuliza, "Mjomba wako hajambo?"

"Ana homa kidogo," alijibu Mwajuma. Homa hiyo ilikuwa na miezi minane.

Zamani Mjomba Rehani alikuwa mpagazi hodari. Alibeba mizigo kutoka Bagamoyo mpaka bara, na msafara mzima ulitembea kwa nyimbo zake. Kisha Wadachi, yaani Wajerumani, wakafikisha reli Morogoro. Garimoshi moja likabeba mizigo ya wapagazi mia, tena bila kuimba. Rehani akarudi mlimani na mabega mapana yasiyo na kazi, akaanza kunywa pombe ya miwa. Alianza na kibuyu kimoja jioni. Sasa alianza mapema, na vibuyu vilikuwa vitatu.

Siku moja Mzee Ahmadi, mkuu wa ukoo, alifika kwa mama yake Mwajuma.

"Rehani ndiye tuliyempa shamba la ukoo kule bondeni alitunze," alisema, "na sasa nguruwe wanalitunza kuliko yeye. Tunampa siku saba. Siku ya nane wazee watakaa. Asipobadilika, shamba atapewa mwingine."

Mwajuma alishtuka. Baba yake alikwisha kufa, na ndizi na mahindi waliyokula yeye na mama yake yalitoka katika shamba hilo. Alikimbia kwa mjomba, akachukua kibuyu, akamwaga pombe yote majanini. Mjomba hakumpiga wala hakumkemea. Aliondoka, akaenda kunywa kwa jirani mpaka jua likazama.

"Mimi nikimsema ananuna," mama alimwambia Mwajuma aliporudi akilia. "Wewe ukimsema anaona aibu. Kesho nenda chini ya mlima, kamwite Stambuli."

Stambuli alikuwa Mzigua, mfumaji wa matenga ya mianzi. Zamani alibeba mizigo pamoja na Rehani. Wazigua na Waluguru ni watani. Mtani anaweza kukuambia lolote, nawe ukikasirika, utakayechekwa ni wewe. Tena mtu akifa, watani ndio husaidia kumzika.

Stambuli alipofika alisimama mlangoni kwa Rehani.

"Hodi. Nimesikia hapa kuna maiti ya Mluguru, nimekuja kuzika. Mbona inakoroma?"

"Nenda zako, Mzigua," alisema Rehani kutoka kitandani. "Hujui lolote."

"Sijui? Mimi nililewa nikalala katika zizi la mbuzi. Asubuhi nikaamka peke yangu. Mbuzi walikuwa wamehama."

Rehani akacheka. Mwajuma hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mwaka uliopita.

"Mikono inatetemeka asubuhi?" Stambuli aliuliza kwa sauti ya chini.

Rehani aliitazama mikono yake. "Inatetemeka."

"Na jua likianza kushuka, koo linawasha?"

"Nani amekuambia?"

"Koo langu."

Stambuli hakumwaga pombe. Alikaa palepale, akampunguzia Rehani kidogo kila siku, akimpa uji na maji ya tangawizi. Ilipofika alasiri, saa ile mbaya, alimpa mianzi wafume pamoja, akiimba:

*Pombe ni mzigo gani, usiofika safari,*
*Wakulemea kichwani, tuutue kwa hiari.*

Siku ya nne Rehani hakunywa kabisa. Siku ya tano Stambuli alishuka kuuza matenga, mvua ikamzuia huko. Jua lilipoanza kushuka Rehani alikuwa peke yake. Mwajuma alipoleta chakula alimkuta amelewa chakari.

Stambuli alirudi asubuhi, akamkuta Rehani ameinamisha kichwa.

"Nimeharibu yote," alisema Rehani.

"Umejikwaa. Mimi nilijikwaa mara tatu. Mpagazi akijikwaa, harudi Bagamoyo kuanza safari upya. Anainuka palepale. Shika mwanzi."

Mwajuma akanong'ona, "Tusiwaambie wazee, mjomba."

"Wakikuuliza, sema ulichokiona," alijibu mjomba, akaendelea kufuma.

Siku ya nane wazee walikaa. Mzee Ahmadi akamwita Mwajuma.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayempelekea uji kila siku. Mjomba wako ana nini?"

Neno homa lilikuwa tayari mdomoni. Mwajuma alitazama shamba kule bondeni, akamtazama mjomba, akalimeza lile neno.

"Hana homa, babu. Hakuwa na homa tangu mwanzo. Ni pombe. Siku ya nne hakunywa. Siku ya tano alilewa. Siku ya sita na ya saba hakunywa."

Mama akafumba macho. Rehani akasimama, akaweka tenga mbele yao.

"Mtoto amesema kweli. Sijapona, nimeanza tu. Hili nimelifuma jana."

"Na ni tenga baya," alisema Stambuli. "Hata ndizi zitaona aibu kukaa humo. Lakini mikono iliyolifuma haikutetemeka."

Wazee wakaangua kicheko. Mzee Ahmadi alilipokea tenga, akaligeuzageuza.

"Mngeniambia amepona kabisa, leo hii shamba ningempa mwingine," alisema. "Waliopona kwa mdomo nimewaona wengi. Rehani, endelea kulitunza. Na huyu mtani wako asiende mbali." Kisha akamgeukia Mwajuma. "Mjukuu wangu, ulidhani unamfichia mjomba aibu. Kumbe ulikuwa unamficha asionwe na wa kumsaidia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiona mtu wako anaumwa hivyo, sema kweli, tena mtafutie aliyewahi kuipita njia hiyo. Huyo anajua miiba ilipo."

Mahindi yalipokomaa, matenga ya Rehani yalikwisha nyooka. Asubuhi moja Mwajuma alipeleka uji, akamkuta mjomba amekwisha oga, fimbo mkononi.

"Unakwenda wapi mapema hivi, mjomba?"

"Ng'ambo ya mto. Kuna Mzigua mmoja, mpagazi wa zamani. Nasikia ana homa ya miezi sita."

"Homa?" aliuliza Mwajuma.

"Ndiyo," alisema Mjomba Rehani, akicheka. "Nakwenda kumzika."