Kitambaa Chekundu Juu ya Ziwa Yanarumi

Kila asubuhi Hermelinda Cochachin alitazama mlima kabla ya kutazama jiko. Huko juu, chini ya barafu, kulikuwa na ziwa la Yanarumi. Kijiji cha Chacrapata kilikuwa chini, kando ya mto. Ziwa lilizuiwa na ukuta wa mawe na udongo. Hakuna mtu aliyeujenga ukuta huo. Barafu ya zamani iliuacha, na hakuna aliyejua utasimama mpaka lini.

Mume wake, Teódulo, alikuwa mlinzi wa ziwa. Alikaa katika kibanda juu ya ukuta na kupima maji. Zamani alitoa habari kwa redio. Mwezi wa Januari radi ilipiga, redio ikafa. Simu za mkononi hazikushika huko. Basi kamati ya kijiji ikaamua hivi: kitambaa cheupe kwenye mlingoti, tuko salama. Kitambaa chekundu, kimbieni.

Lakini nani angekiona? Kutoka kijijini hadi kibandani ni mwendo wa saa nne kwa miguu. Kwa mstari wa macho ni kilomita nne.

Kazi hiyo alipewa Hermelinda. Marehemu baba yake, Hilario, alikuwa mpiga picha wa uwanjani, na alimwachia lenzi ya zamani, ndefu, ya chuma na vioo. Ukiivuta, kitu cha mbali kinasogea karibu. Kamati ilinunua kamera ya dijitali iliyotumika, pamoja na pete ya kuungia lenzi hiyo. Kila alfajiri Hermelinda alipanda kilima cha makaburi, akapiga picha, kisha akampelekea Mzee Eleuterio, mwenyekiti. Wote waliiona. Darubini huangaliwa na mtu mmoja, lakini picha huonwa na kijiji kizima.

Alfajiri moja, mvua ilipokatika kidogo, picha ilionyesha doa jekundu kibandani. Lilikuwa na ukungu, kama rangi iliyomwagikiwa na maji.  Hermelinda alikimbia hadi kwa mwenyekiti.

"Ni nyekundu, Mzee! Nyekundu!"

Kengele ya kanisa ikapigwa. Watu walikimbia kupanda kilima, wengine bila viatu, wengine na simbilisi wao ndani ya vikapu. Mama mkwe wake Hermelinda, Mama Gumersinda, aliteleza kwenye tope akavunjika mkono. Walikaa kilimani siku nzima, wamelowa, wakisubiri maji. Maji hayakuja.

Kesho yake mchukuzi wa nyumbu, anayempelekea Teódulo chakula, aliteremka. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Kitambaa gani? Teódulo alianika blanketi lake kwenye ukuta wa kibanda! Blanketi lake jekundu!"

Tangu siku hiyo Hermelinda hakupumua. Kila alipopita kisimani, wanawake walimtania.

"Hermelinda, leo blanketi linasemaje?"

"Mwulize mumeo kama na suruali yake ni ya hatari!"

Kutaniwa hakukumuumiza sana. Kilichomtisha ni maneno ya Mzee Eleuterio. "Mwanangu, sitapiga kengele tena kwa sababu ya ukungu. Niletee picha ninayoiona kwa macho yangu. La sivyo, hakuna atakayetoka nyumbani kwake."

Usiku alilala macho wazi, akisikiliza mto. Siku kitambaa kitakapokuwa chekundu kweli, nani atamwamini? Na mume wake yuko juu ya ukuta wenyewe.

Jumatano jirani yao, Prisca Maguiña, alirudi kutoka mjini. Prisca hupiga picha za harusi na ubatizo. Alikuja kumpa pole Mama Gumersinda, akamkuta amekaa jikoni, mkono umefungwa kwa mbao mbili.

"Pole, Mama."

"Nimeshapoa. Mpe pole huyu mkwe wangu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sasa hata akimenya kiazi mikono inatetemeka."

"Nionyeshe picha zako, Hermelinda," Prisca alisema.

Alizitazama moja moja, huku akitafuna mahindi ya kukaanga. Hakucheka.

"Dada, lenzi ni mbovu?" Hermelinda aliuliza kwa hofu.

"Lenzi ni nzima. Mimi ningeitaka. Kesho twende wote kilimani, kabla jua halijapasha mawe. Jua likishapanda, hewa inacheza juu ya mawe kama juu ya sufuria. Hapo hata kamera ya bei kubwa haioni kitu."

Alfajiri walisimama kati ya misalaba. Baridi ilikuwa kali. Ng'ambo, barafu ilianza kuwa nyeupe.

"Haya, fanya kama unavyofanya kila siku," Prisca alisema.

Hermelinda alishika kamera mkononi. Alizungusha pete ya kulengea mpaka ikagota. Akavuta lenzi mpaka urefu wake wote. Akabonyeza.

"Mbona umezungusha mpaka mwisho?"

"Baba alinifundisha. Kwa mlima, peleka pete mpaka mwisho, kwenye alama kama nane iliyolala. Hakuna kilicho mbali kuliko mlima."

"Baba yako alisema kweli, lakini alisema kwa kamera yake. Tazama. Lenzi hii ilitengenezwa ikae umbali maalumu ndani ya kamera ya filamu. Sasa imekalia pete ya kuungia. Pete hii ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, labda kwa unene wa unywele. Unywele huo unatosha. Ukifika mwisho, umeshaupita mlima."

"Nimeupita mlima?"

"Umeupita. Unalenga mahali ambapo hapana kitu."

Hermelinda alitazama kaburi la baba yake. Lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Aliona haya, kana kwamba anambishia marehemu mbele ya uso wake.

"Mazoea yana taabu," Prisca alisema polepole. "Kamera hii haizungumzi na lenzi yako. Kwake ni lenzi bubu. Haitakusaidia kulenga. Lazima macho yako yafanye kazi yote."

"Sasa nianze wapi?"

"Anza na miguu. Mkono wako unatetemeka, na lenzi ndefu hukuza kila kitu, pamoja na mtetemo." Prisca alisimamisha stendi ya miguu mitatu, akaning'iniza mfuko wa mawe chini yake ili upepo usiitikise. "Sasa vuta lenzi kwanza, mpaka urefu wote. Ulikuwa unalenga kabla ya kuvuta. Lenzi hii ukiivuta baada ya kulenga, picha inaharibika tena. Vuta, halafu lenga."

Hermelinda alivuta. Lenzi ilikuwa imeelekezwa juu mlimani, ikaanza kurudi yenyewe taratibu.

"Inateleza!"

"Ni uzee. Hata magoti yangu yanafanya hivyo. Nipe huo mpira wa nywele zako."

Hermelinda alifungua msuko wake. Prisca alivisha mpira kwenye shingo ya lenzi, ikatulia.

"Sasa hii pete ya mwanga. Ifungue yote wakati wa kulenga, uone vizuri. Bonyeza hapa, kioo cha nyuma kinakuza kile kibanda. Zungusha pete ya kulengea polepole. Usikimbilie mwisho. Kibanda kikianza kuwa wazi, endelea mpaka kiharibike kidogo, kisha rudi nyuma. Utajua umepita, na utajua pa kurudi."

Hermelinda alizungusha. Ukungu ulisogea. Mawe ya kibanda yakatokea moja moja. Akaona mlango. Akaona mlingoti, mwembamba kama sindano, na juu yake kitambaa cheupe.

Alilia. "Namwona kibandani kwake! Dada, kile kidoa kinachotembea ni Teódulo!"

"Usilie juu ya kioo, kitaingia maji. Sasa rudisha pete ya mwanga hadi namba nane, picha itakuwa kali zaidi. Mwisho, weka kamera isubiri sekunde mbili kabla ya kupiga. Bonyeza, toa mkono, usipumue karibu nayo."

Kamera ilisubiri, ikapiga. Hermelinda alipoona picha, alitoa rangi yake ya kucha, nyeupe, akatia tone dogo kwenye pete ya kulengea, pale ilipokuwa. Tone lilikuwa karibu na mwisho, lakini si mwishoni.

Alijizoeza siku tatu. Siku zote tatu kitambaa kilikuwa cheupe. Jumapili mawingu yaliufunika mlima tangu mchana. Jioni kijiji kizima kilisikia ngurumo moja, ndefu, isiyo ya radi. Watu walitazamana. 

Alfajiri ya Jumatatu Hermelinda alipanda kilima akiwa peke yake. Mawingu yalifunguka kidogo. Aliona wekundu kwa macho yake matupu, au alidhani ameona. 

"Ni blanketi," alijiambia. "Ee Mungu, liwe blanketi."

Alitaka liwe blanketi. Kama ni kitambaa, mumewe yuko juu ya ukuta unaobomoka.  Alijilazimisha kufanya kila hatua. Akasimamisha stendi, akaning'iniza mfuko wa mawe. Akavuta lenzi, akavisha mpira. Akapeleka pete hadi kwenye tone jeupe, akakuza kioo, akapita kidogo, akarudi. Pete ya mwanga, nane. Sekunde mbili zilikuwa ndefu kama mwaka.

Akakuza picha. Kwenye ukuta wa kibanda hapakuwa na blanketi. Kitambaa kilikuwa kwenye mlingoti. Kilikuwa chekundu, kimefungwa juu na chini. Na chini ya kibanda, palipokuwa pakavu siku zote, mstari mweupe wa maji ulikuwa ukitoka katikati ya ukuta.

Alikimbia akianguka. Mzee Eleuterio alikuwa akinywa chai ya majani ya koka. Aliishika kamera bila haraka.

"Blanketi tena?"

"Tazama mwenyewe, Mzee."

Mwenyekiti alitazama. Uso wake ulibadilika. Kikombe kilimponyoka.

"Huu ni mlingoti," alisema. "Na kitambaa kiko juu yake. Na haya ni maji. Piga kengele, mwanangu! Pigeni kengele!"

Wachache walibisha. Mzee Eleuterio aliwasukumia ile kamera machoni. Waliotazama hawakubisha tena. Hermelinda alimbeba Mama Gumersinda mgongoni.

Saa tatu na nusu ardhi ilitikisika. Maji yalikuja meusi, na mawe makubwa kama nyumba. Yalichukua daraja, mabwawa ya samaki ya Mzee Eleuterio, na nyumba kumi na moja. Nyumba ya Hermelinda ilikwenda pamoja nazo. Kilimani watu walihesabiwa mara tatu. Hakupungua hata mtoto.

Watu walimshika Hermelinda mikono, wakamshukuru. Yeye hakuwasikia. Alikuwa akitazama mlima. Ukuta ulikuwa umekatika katikati, na kibanda hakikuwepo.

Usiku huo na kesho yake yote hakula. Jioni ya pili, Mama Gumersinda ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mtu akishuka kwa njia ya juu ya mgongo wa mlima, akichechemea, amejifunga blanketi jekundu.

"Mwanangu!" mama alipiga kelele.

Hermelinda alimmiminia maji. Teódulo alikaa kando yake, akanywa kwanza, kisha akamtazama mkewe.

"Barafu iliangukia ziwani Jumapili," alisema. "Nilipandisha kitambaa, lakini niliogopa. Mchukuzi aliniambia mambo ya blanketi. Nikaliondoa ukutani, nikalivaa, ili kusiwe na kitu kingine chekundu. Hata hivyo nilijua hamtaamini."

"Kwa nini hukuondoka mara moja?"

"Nilisubiri kengele. Nilijiambia, ikilia, nitapita juu. Isipolia hadi jua litoke, nitashuka mwenyewe kuwaambia. Kwa njia ya mto."

Hermelinda alitazama chini bondeni. Njia ya mto haikuwepo tena. Yalikuwepo mawe na tope tu.

"Jua lilikuwa limeshatoka," Teódulo alisema. "Nilikuwa nimeshafunga viatu kengele ilipolia."

Hermelinda alichukua lenzi ya baba yake, akapitisha kidole kwenye tone jeupe la rangi ya kucha. Kisha akawaita wasichana wawili wa jirani, na mke wa Mzee Eleuterio.

"Njoni," alisema.  "Kesho alfajiri ninawafundisha. Maziwa mengine bado yako huko juu."