Kitufe Kilichonasa Nundroo

"Kusema kweli, Philippa, ni kama kulea mtoto. Mimi ndiye mdomo wake. Bila mimi, Anton asingeweza hata kuagiza chai."

Sauti ya Tamsin ilikuwa inatoka kwenye redio ya upepo ndani ya gari. Anton, aliyekuwa amepiga magoti akikaza nati za gurudumu la mbele, akaganda na spana mkononi.

Mchumba wake alikuwa ndani ya mgahawa wa madereva pale Nundroo, kusini mwa Australia, anaongea kwa simu na Philippa, mwanamke wa televisheni. Redio yake ndogo ya mkononi alikuwa ameibana kifuani, na mkanda wa kizibao chake cha usalama ulikuwa umekandamiza kitufe cha kuongelea. Hakujua. Kila neno lilikuwa linarushwa kwenye chaneli arobaini, ile ambayo madereva wa malori huiacha wazi kutoka Norseman mpaka Ceduna.

"Harusi? Ndiyo, hapohapo kwenye mstari wa kumalizia! Watu mia tatu, bendi, kamera. Kelele zinamtesa, najua, lakini atavumilia. Watu wakimwona anahangaika kidogo, ndiyo watauelewa usonji."

Anton akaiweka spana chini taratibu.

Siku thelathini na moja Tamsin alikuwa anateleza kwa viatu vya magurudumu kutoka Perth kwenda Ceduna, watu wapate kuujua usonji. Na siku hizo zote Anton, mwenye usonji wenyewe, alimfuata nyuma kwa gari lenye taa ya njano. Mwendo wake ulikuwa kilomita kumi na nane kwa saa, haupandi haushuki, huku akiwaita madereva wa malori kwenye redio wasije wakamsaga bibie.

Akaingia mgahawani, akaenda moja kwa moja mpaka mezani, akaichomoa redio chini ya mkanda, kitufe kikaachia. Papo hapo redio ikabwata:

"Oya, dada wa magurudumu! Tumesikia yote, mpaka bendi! Huyo unayemwita mtoto ndiye aliyenizuia juzi nisikulaze lami pale kilimani. Navuta matrela matatu, dada! Mwombe radhi!"

"Mimi pia nimesikia!" dereva mwingine akadakia. "Kaka, kama unatafuta mchumba, dada yangu yuko Port Augusta!"

Tamsin akawa mwekundu mpaka masikioni. Akakata simu.

"Ant, mpenzi, sikumaanisha..."

"Ulimaanisha. Ulisema nisingeweza kuagiza chai. Jana nimeagiza chai mbili, yako na yangu."

"Nilikuwa narahisisha mambo! Watu hawaelewi!"

"Unataka nihangaike mbele ya kamera."

"Nataka waone! Angalia miguu yangu, malengelenge matupu! Hii yote nafanya kwa ajili yako!"

"Sikukuomba."

"Sasa mbona ulikuja?"

"Nilitaka kukaa na wewe mwezi mzima. Wewe na mimi, barabara moja, bila watu. Wewe ukawaita watu."

Mama wa kaunta akajifanya anafuta glasi iliyokwisha kukauka.

"Ulikubali harusi ile!" Tamsin akafoka. "Mwenyewe! Ulisema ndiyo!"

"Uliniambia wewe unaitaka. Hukuniuliza kama mimi naitaka. Niulize."

"Hivi unanipa masharti mbele za watu?"

"Watu umewaleta wewe. Niulize."

Simu ikalia. Meseji ya Philippa: "Kamera tatu zimethibitishwa!!! Mwambie Anton avae suti nyeupe."

Tamsin aliisoma, akaisoma tena. Alikuwa na hasira; na Philippa, na redio, na huyu mwanamume asiyejua kumrahisishia mtu njia ya kutokea. Halafu ikamjia kwamba mwezi mzima amehojiwa mara kumi na tisa, na hata mara moja hajamgeukia Anton akamwuliza chochote.

"Unaitaka harusi ile?"

"Hapana."

"Unanitaka mimi?"

"Ndiyo. Ofisini kwa msajili wa ndoa. Mashahidi wawili. Na usinisemee tena, popote."

"Na nikikataa?"

"Nitakufikisha Ceduna, kwa sababu nilisema nitakufikisha. Halafu nakwenda kwangu."

Hakuwa anamtisha. Alikuwa anamweleza tu, kama anayemtajia njia. Hapo ndipo Tamsin alipoogopa. Akaandika: "Harusi ya Ceduna haipo. Usipeleke kamera."

Simu ikalia kabla hajaiweka mezani.

"Umerukwa na akili?" Philippa alipayuka. "Wadhamini watajitoa wote!"

"Wajitoe."

"Tamsin, nimekuhangaikia wiki nzima!"

"Asante. Acha sasa." Akakata.

Anton hakumkumbatia. Alikuwa anatazama barabara.

"Bado umekasirika, Ant?"

"Sana."

"Mpaka lini?"

Mtu mwingine angenuna. Anton alifikiri kwelikweli, akipiga hesabu kichwani.

"Mpaka tufike Penong," alisema. "Kilomita sabini na nane. Vaa viatu."