Mkono Uliokuwa Juu

Haya nilisimuliwa na wifi yangu Jumanne iliyofuata, tukichambua maharage uani kwangu. Wifi huyu ni mpima ardhi mstaafu. Wenzake wa chuo walimwita Kipaza, maana siri kwake ni maji ndani ya pakacha. Mengine aliyaona, mengine aliambiwa na mwenye kisa, na mengine, alikiri akicheka, aliyapata sikio likiwa mlangoni.

Basi, ilikuwa Ijumaa mchana. Waliosoma pamoja upimaji wa ardhi walikuwa wameitana warudi chuoni, wakae hadi Jumapili, baada ya karibu miaka arobaini. Ukumbi wa kujiandikisha ulijaa mvi na makelele. Watu walikumbatiana kwanza, ndipo wakaulizana, "Hivi wewe ni nani?"

Katikati ya msongamano huo alikuwamo mwanamke mrefu, gauni la samawati lenye marinda, viatu vya chini, nywele amezikata fupi. Darasani walimwita Wembe kwa ajili ya ulimi wake. Tangu asubuhi hakutulia. Alikaa, akasimama, akarekebisha kola iliyokuwa sawa. Alikuja kwa jambo moja tu, kumuuliza mwanamume mmoja kwa nini.

Akarudi nyuma kumpisha mtu, akamkanyaga mwingine.

"Samahani, baba."

"Hujambo, Wembe. Bado unakata bila kuangalia."

Wembe akageuka. Shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi hadi mstari unaonekana, suruali fupi kidogo, vikombe viwili vya chai mkononi na hakuna tone lililomwagika. Huyo walimwita Taratibu.

"Naona bado unatembea kama mtu aliyebeba mayai," Wembe akasema.

"Umri umenitetea. Siku hizi wote mnatembea kama mimi."

Kicheko kilimjia, akakimeza. "Mkeo hajambo?"

"Alitangulia. Mwaka wa sita huu. Na mzee wako?"

"Naye pia."

"Pole, Wembe."

"Pole nawe."

Sasa ndipo pa kuuliza. "Naitwa kule," akasema, na hakuna aliyemwita. Akaondoka.

Walilala katika mabweni yaleyale, vitanda vya ghorofa vilevile. Wazee wazima waligombea vitanda vya chini kama wanaogombea ubunge. Kipaza alipata cha chini. Wembe akabaki juu, akipanda na kushuka kama kuku asiyejua pa kutagia. Simu ikalia. Alikuwa binti yake.

"Mama, umeshafunga mizigo? Gari litakuja Jumatatu asubuhi."

"Nimesikia, mwanangu."

"Mapacha wamekutandikia kitanda. Funguo za nyumba mwachie mjomba."

"Nimesikia."

Tangu astaafu, familia ilikuwa imekaa ikaamua ahamie kwa binti, mji wa mbali, awalee wajukuu. Aliambiwa, hakuulizwa. Wajukuu aliwapenda kama macho yake, lakini kila alipotia nguo moja sandukuni, alitoa mbili.

"Umemuuliza?" Kipaza akasema kutoka chini.

"Nani?"

"Usijitie hamnazo. Taratibu!"

"Bado."

"Na hilo donge utalimezea wapi? Kwa mapacha?"

Donge lenyewe lilikuwa hivi. Wakati wa masomo wawili hao walipangwa pamoja kazi za porini. Taratibu alitazama kwenye darubini ya kupimia, ile inayosimama juu ya miguu mitatu. Wembe alisimama mbali, kilima cha pili, ameshika mti mrefu wenye namba. Wakasemezana kwa mikono, na kusemezana huko kukazaa mapenzi. Siku moja kabla ya kumaliza, Taratibu alimwambia, "Kesho nitakuuliza kwa mbali, maana karibu naogopa. Nikipunga kitambaa, ujue nauliza kama utanioa, samahani, kama nitakuoa. Ukikubali, inua mkono juu. Ukikataa, uelekeze chini."

Kesho yake kitambaa kikapungwa. Wembe akainua mkono, akauweka juu mpaka bega likawaka moto. Akamwona mwenzake, mdogo kama sisimizi, anakunja miguu mitatu na kushuka upande wa pili wa kilima. Asubuhi iliyofuata akasikia ameshapanda basi, amekwenda kuanza kazi mbali. Hakuaga.

"Alinicheza shere," Wembe akamwambia Kipaza. Usiku ule hakulala.

Jumamosi walitembezwa kwenye chumba cha vyombo. Vile vya zamani vilikuwa vimepangwa mezani. Kipaza akainamia kimoja na kutazama nje dirishani, akapiga ukelele.

"Jamani! Mti umesimama kwa kichwa!"

"Umesahau?" Wembe akamcheka. "Zote zilikuwa hivyo, zinaonyesha juu chini. Tulizoea, tunapindua wenyewe kichwani. Isipokuwa hii ya kijani. Hii ilikuja wiki ya mwisho, inaonyesha mambo yalivyo."

Taratibu alikuwa amekwisha inama kwenye ile ya kijani. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinuka, uso ulikuwa umemshuka.

"Wembe. Siku ile ya mwisho, nilikuwa na ipi?"

"Asubuhi ile ya zamani. Mchana kundi la pili wakaichukua, wakakuletea hii. Mimi si nilikuwa kilimani naona wanabadilishana?"

Taratibu akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Sikusoma hata namba moja kwa hii," akasema. "Kwa woga sikuona hata kwamba nimebadilishiwa. Uso wako niliogopa kuutazama, nikaelekeza darubini kwenye mkono peke yake. Nikauona uko juu. Nikajiambia, ukionekana juu, basi uko chini, umenikataa."

Watu wakaacha vyombo, wakawageukia. Kipaza wa kwanza.

"Ukapindua," Wembe akasema.

"Nikapindua."

"Miaka yote hiyo nimekuita mwongo, kumbe ni zuzu!"

"Na wewe mbona hukunifuata kuniuliza?"

"Niulize nini? Mimi niliinua mkono! Ulitaka niinue na miguu?"

Watu wakacheka, ila wao wawili hawakucheka. Wembe akatoka, marinda yakipepea. Akazunguka bweni, akazunguka uwanja, akarudi palepale. Hasira ile ya zamani alijua pa kuiweka. Hii mpya haikuwa na mwenyewe. Angemkasirikia nani, darubini?

Jumapili asubuhi simu yake ikalia yu juu kitandani, macho makavu kwa usiku wa pili.

"Nani?"

"Zuzu."

"Unataka nini, zuzu?"

"Niko barazani, chini ya dirisha lako. Kipaza amenipa namba, na amesema Jumatatu unahama."

"Kipaza huyo nitamshona mdomo."

"Unataka kuhama?"

Hapo Wembe akaketi wima. Katika watu wote, ndiye wa kwanza kumuuliza hivyo.

"Sitaki," akasema.

"Basi shuka, mpenzi wangu. Nina neno, na simu si mahali pake."

Akashuka na gauni la jana, miguu mitupu. Taratibu akasimama mbele yake, karibu kabisa.

"Mke wangu nilimpenda, sitasema uongo. Lakini nimebaki, nawe umebaki. Nakuuliza mdomo kwa sikio. Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo."

Mwanamume akakodoa macho.

"Umesikia nini?" Wembe akamshika shati. "Hebu rudia."

"Umesema ndiyo."

"Hukupindua?"

"Sikupindua."

"Haya. Jumatano njoo kwangu, upige hodi kama watu, nikupikie chai. Mwezi wa kwanza ni kunibembeleza. Nina deni la kubembelezwa."

Kisha akampigia binti palepale.

"Mwanangu, gari lisije."

"Mama! Unaumwa?"

"Siumwi. Nitakuja mwezi ujao, nikae wiki mbili, nirudi kwangu."

"Na mapacha?"

"Wana baba na mama. Mimi nitakuwa bibi yao, si yaya wao."

"Kuna nini huko, Mama?"

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mzee mmoja. Mpole, msafi, mzito wa kuelewa."

Binti akalia kidogo, akasema hajawahi kufikiri kama mama yake ana neno la kusema. Wembe naye akasema angelisema mapema, ila alingoja kuulizwa. Wakaachana hivyo, bila ugomvi wala furaha.

Mchana, wengine wakifunga mizigo, uchovu wa siku zote ukamshukia kwa pamoja. Hakupanda juu. Akajilaza kitanda cha chini, ubavuni mwa Kipaza aliyekwisha sinzia mdomo wazi. Simu ikatetemeka. Binti ameandika: "Mapacha wamelala, nami najilaza. Njoo unapotaka, Mama." Kutoka barazani, kwenye kiti chini ya dirisha, ikaja sauti kama gogo linalokatwa kwa msumeno butu.

"Ala! Kumbe anakoroma," Wembe akanong'ona. "Hilo hakulisema."

Akatega sikio, akaamua linavumilika. Akavuta shuka hadi begani, akalala.