Mzee wa Kona

Asubuhi hiyo Ogendo alipofungua chumba chake cha gemu, kile cha mbele ya nyumba yake, alikuta sakafu ya kona imelowa. Mvua haikuwa imenyesha na bomba la maji liko nje ya ploti. Akapiga deki, akasahau, maana kichwani mwake hamkuwa na nafasi ila ya miwani.

Alikuwa ameisubiri muda mrefu mpaka binamu yake akamletea kutoka Kampala. Ilikuwa miwani ya gemu ya kuvaa usoni, isiyotaka waya, televisheni wala kompyuta. Stima ikipotea Busia, na hupenda kupotea wateja wakijaa, wenzake wenye vyumba vya gemu wangefunga milango huku yeye akiibeba miwani yake hadi kwenye foleni ya malori mpakani, dereva aliyechoka kungoja alipie kidogo, apande mlima, apigane kwa upanga. Mkewe Benedetta alikuwa na mimba kubwa. Kwa miwani ile Ogendo alishamsomesha mtoto hadi chuo kikuu, na mtoto mwenyewe hajazaliwa.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Makokha wa bodaboda. Alivaa, akacheka, akarusha ngumi hewani, kisha akatulia.

"Boss, huyu mzee kwa kona ni wa gemu?"

"Mzee gani?"

"Amelowa maji. Ametupatia mgongo."

Ogendo akaivaa mwenyewe. Kweli, palikuwa na mzee, shati limemganda, maji yakimdondoka kwenye ncha za vidole. Akabadilisha gemu. Mlima ukaja, na mzee akaja nao, kwenye kona ile ile. Akajiambia ni kasoro tu ya mtambo. Lakini jioni alipochungulia tena aliona sikio ambalo asubuhi halikuonekana. Mzee alikuwa anageuka.

Benedetta hakuwahi kuivaa. Kwake jambo lilianzia puani, harufu ya magugu ya ziwa yaliyooza, kwenye shuka, kwenye unga, kwenye nguo za mtoto alizokuwa amekunja. Kisha akaanza kusikia miguu mitupu yenye maji ikitembea sebuleni, chap, chap, polepole, na kila alipotoka kutazama alikuta nyayo zilizolowa zimeelekea ukutani.

"Naenda kwa mama," alinong'ona, akifunga begi. "Sirudi na hii mimba mpaka hiyo kitu itoke."

Akaenda kwao Moding. Ogendo akabaki na nyumba inayonuka na kitanda kikubwa mno, na alimkumbuka mkewe hata chakula hakikupita.

Ndipo akamwendea Phelister, mama mzee wa mlango wa pili aliyeuza omena, dagaa wa ziwani. Phelister alimsikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Ile jioni ya Jumapili tukipiga masufuria, wewe ulipiga?"

Ogendo akakumbuka. Ilikuwa siku ya kwanza ya miwani, mlio wa gemu umemziba masikio, anapigana na joka. Alipotoka aliwakuta majirani wameshika mifuniko, wanamtazama vibaya, akadhani ni wivu.

"Nilikuwa nimevaa miwani, mama. Sikusikia kitu."

"Nyawawa walikuwa wanapita. Hayo majini ya ziwa hutafuta nyumba imenyamaza, na siku hiyo ni yako tu ilinyamaza."

"Nichome miwani?"

"Miwani inakuonyesha tu. Kila mwenye anaishi hiyo nyumba apige, amfukuze huyo mzee arudi ziwani. Mmoja akinyamaza, huyo ndiye mzee atamwingia."

Ogendo akaenda Moding kumwomba mkewe arudi wapige pamoja. Benedetta alimwambia kwao hawapigi masufuria, ndiyo maana hata Jumapili ile hakupiga. Ogendo hakubishana naye, alikaa chini kwenye ua wa mama mkwe akalia bila aibu, na Benedetta, ambaye hakuwahi kuona machozi yake, akachukua begi.

Jua likizama walianza. Phelister alisimama nje akigonga mfuniko kwenye mabati, Benedetta mlangoni na sufuria, Ogendo ndani na karai, miwani usoni ili amwone akitoka, na mzee akaanza kugeuka, shavu, pua, jicho lisilo na kope, na Ogendo akapiga kwa nguvu zaidi, na mzee akaachama mdomo uliojaa maji, akatoka kwenye kona, akampita karibu kiasi kwamba baridi ikamwingia mifupani, akaenda chap, chap, hadi pale mlangoni aliposimama Benedetta, na hapo akapotea.

Ogendo akavua miwani. Harufu ilikuwa imekwisha, kona imekauka. Alimkumbatia mkewe akacheka kwa furaha, na Phelister akakaribishwa ugali.

Katikati ya chakula Benedetta akaweka tonge chini, akashika tumbo.

"Mtoto anageuka," alisema.

"Si huwa anacheza?"

"Hii si kucheza. Anageuka polepole, kama mtu amesimama."

Aliposema hivyo, pumzi yake ilimfikia Ogendo ng'ambo ya meza. Ilinuka magugu.

"Mama," Ogendo alimgeukia Phelister, "si tulipiga wote? Mimi nimepiga. Benedetta amepiga."

Phelister alikuwa anatazama tumbo.

"Nyinyi wawili mlipiga," alisema.