Perege wa Minza

"Usimpige! Huyo namtaka mzima!"

Rungu la muuza perege likabaki hewani. Watu waliojazana kwenye meza za samaki, soko la Ifakara, wakageuka kumtazama aliyepiga kelele. Alikuwa msichana mwenye gauni la njano lenye kola nyeupe pana, nywele zimesukwa twende kilioni, na mkononi ameshika ndoo ya maji.

"Mzima wa nini, dada?" muuzaji akauliza. "Utamkaangaje anarukaruka?"

"Simkaangi. Nipe jike na dume, nikafuge."

"Minza!" akacheka mama mmoja aliyemfahamu. "Msukuma kufuga samaki? Kwani ng'ombe wa baba yako kule Idete wamekwisha?"

"Ng'ombe hawaenei chumbani kwangu, mama. Shikamoo kwanza."

Meza zote zikaangua kicheko. Anselim, aliyekuwa akipita na kamera shingoni, hakucheka. Alikuwa akitazama jinsi msichana yule alivyowapokea samaki kwa viganja viwili, polepole, kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake.

"Dada, nikubebee ndoo," akasema.

"Na kamera yako ikilowa?"

"Kamera utaivaa wewe."

Wakatoka sokoni hivyo, Minza na kamera, Anselim na perege wawili, huku maji yakimmwagikia kwenye suruali yake nyeupe ya tetroni. Walipofika kwa Minza, mtaa wa Viwanja Sitini, mguu mmoja wa suruali ulikuwa umelowa mpaka gotini, na alikuwa amekwisha kujua kwamba Minza ni karani katika ofisi ya samaki, kwamba anaishi na rafiki yake Justa, na kwamba hana mchumba.

Huo ulikuwa mwaka 1993. Anselim alikuwa Mndamba wa Mchombe, wa kabila la watu wa mpunga na samaki, na kazi ya picha hakufundishwa na mtu. Alikuwa amejifunza kwa kijitabu kilichokuja na kamera yake ya mkono wa pili, na kwa daftari ambalo aliandika kila picha aliyoipiga: mwanga ulikuwaje, lenzi ilifunguliwa namba ngapi, spidi ngapi, maana kinachokwenda mbio hutaka spidi kubwa. Picha ikiharibika, hakumlaumu mteja wala jua. Alirudi kwenye daftari.

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu: Minza akipiga kutoka ofisini, Anselim akipokea kwenye duka la dawa lililopakana na studio yake.

"Anselim! Simu yako ya kila siku!" Mzee Raimundi, mwenye duka, angeita, kisha angejifanya anapanga chupa.

"Mwangaluka, mpenzi," Anselim angesema kwa sauti ya chini.

"Saa tisa hii? Kwa Kisukuma hiyo ni salamu ya asubuhi. Sema mwadila."

"Mwadila, mpenzi."

"Sasa umekuwa mtu. Njoo jioni uone samaki wako."

Jumatatu moja, sauti ya Minza kwenye simu ilikuwa tofauti. "Jike amebeba! Ana vifaranga mdomoni! Njoo na kamera, usinywe hata maji."

Anselim alijua maana yake. Minza alikuwa ameomba nafasi katika chuo cha samaki kule Mwanza, miaka miwili. Chuo kilitaka taarifa ya samaki aliyemlea mwenyewe, pamoja na picha. Barua ilipaswa kutoka Ijumaa. Na perege jike huwabeba watoto mdomoni siku chache tu. Wakishazoea maji, hawarudi tena.

Tangi lilikuwa mezani, kioo kilichounganishwa na fundi madirisha. Jike alisimama pembeni, shavu limevimba. Ghafla akafungua mdomo, na vifaranga wakatoka kama punje za ulezi.

"Mwanga wa flashi utawatisha," Anselim akasema. "Nitatumia mwanga wa dirisha. Lenzi nitaifungua mpaka mwisho, namba mbili. Spidi sitini."

"Nisimame wapi?"

"Hapo hapo dirishani."

Akainama, akazungusha lenzi mpaka alichokiona kikawa safi, akapiga. Akapiga tena. Alimaliza filamu nzima akiwa na furaha ambayo hakujiuliza imetoka wapi.

Kesho yake asubuhi alisafisha filamu, akachapa picha. Samaki wote walikuwa ukungu. Kilichoonekana wazi karibu katika kila picha ni sura ya Minza iliyoakisiwa kwenye kioo cha tangi: kola yake nyeupe, macho yake, meno yake anapocheka. Lenzi ikifunguliwa sana, ni kitu cha umbali mmoja tu kinachotoka safi, na mkono wake ulikuwa umeuchagua umbali wa Minza. Aliangalia picha moja baada ya nyingine. Hakukuwa na bahati mbaya hapo. Jicho lake lilikuwa halimwangalii samaki hata kidogo.

"Anselim! Simu!"

"Mpenzi, zimetoka?" Minza akauliza.

Mzee Raimundi alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Anselim akaona aibu ya mtu aliyeamini kwamba kazi yake anaijua.

"Filamu imeungua," akasema.

"Yote?"

"Yote. Mwanga uliingia. Nipe siku moja nifikiri."

"Haya," Minza akasema taratibu. "Najua hukukusudia."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Alasiri alikaa na daftari, akaandika upya kila kitu. Hakusikia Justa akiingia kuchukua picha zake za pasipoti, wala hakumwona akitazama kamba ambapo picha zilikuwa zikikauka. Justa, kwa mbali, aliona tangi, akaona samaki. Akaenda moja kwa moja nyumbani.

Jumatano saa mbili asubuhi, simu ililia tena.

"Filamu imeungua, Anselim?"

"Minza..."

"Justa ameziona kwenye kamba! Ungesema tu hutaki niende Mwanza. Ungesema ukiwa mwanaume, tukae chini tuzungumze. Lakini kunizibia njia huku unaniita mpenzi?"

"Sivyo ilivyo."

"Basi ni vipi?"

Mzee Raimundi akaacha kujifanya anapanga chupa. Anselim akamgeuzia mgongo.

"Sina la kusikiliza," Minza akasema, na simu ikakatika.

Anselim alirudisha mkono wa simu mahali pake. Akaingia studio, akashusha picha zote kwenye kamba, akachukua filamu yenyewe, daftari, kamera, flashi na waya wake mrefu, kitambaa cheusi anachofunika dirisha la chumba cha giza, na kipande cha kioo kilichobaki alipotengeneza fremu. Akafunga mlango wa studio siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Minza, aliyekuwa ameaga ofisini kwamba anaumwa, alifungua mlango akiwa amevaa khanga mbili, macho mekundu. Hakumkaribisha, ila hakufunga.

"Tazama kwanza," Anselim akasema. "Ukimaliza, nifukuze."

Minza akapokea picha. Ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Akaanza kuzipitisha haraka.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo."

"Na huyu. Anselim, thelathini na sita zote ni mimi?"

"Mbili nilitikisa kamera."

Kutoka jikoni, Justa akashindwa kuzuia kicheko. Minza hakucheka.

"Kwa hiyo ulinidanganya kwa sababu ya aibu?"

"Ndiyo. Niliona ni afadhali unione mzembe kuliko uone jinsi nilivyokuwa nakutazama. Nilikosea. Nimekupotezea siku mbili, na wewe huna siku za kupoteza."

"Nilikaa usiku nikikuchukia."

"Najua."

"Hujui. Huwezi kujua." Akafuta jicho kwa upindo wa khanga, kisha akatazama mzigo aliobeba. "Na hivyo vyote?"

"Vifaranga wangali wanarudi mdomoni?"

"Jana walirudi mara mbili. Leo asubuhi mara moja tu."

Wakaanza kazi. Mapazia yakafungwa. Anselim akatumbukiza kipande cha kioo ndani ya tangi ili jike abaki karibu, asizurure nyuma. Akaizungushia lenzi kitambaa cheusi, akaisogeza mpaka karibu iguse tangi, ili kusiwe na nafasi ya sura ya mtu kuingia.

"Hata mimi?" Minza akauliza.

"Hasa wewe. Shika flashi hii juu ya maji, itazame chini. Ikipiga kutoka mbele, kioo kitaurudisha mwanga wote kwangu. Lenzi naifunga mpaka namba kumi na moja, ili mama na watoto wote watoke wazi. Spidi sitini, flashi hii haitaki zaidi."

"Na ukali wa picha utaupima kwa nini?"

"Kwa jicho la samaki. Mengine yote nitayafumbia macho."

Wakasubiri. Mkono wa Minza ukachoka, akabadilisha. Vifaranga walikuwa wametawanyika, na jike alionekana kuwasahau. Nusu saa ikapita.

"Hawarudi tena," Minza akanong'ona.

"Pitisha kivuli cha kiganja juu ya maji. Taratibu."

Kivuli kikapita. Jike akakunja mapezi, akarudi nyuma kidogo, akaachama. Vifaranga wakamkimbilia wote kwa pamoja, wakijisukuma kwenye midomo yake, na Anselim akabonyeza.

Walipata picha saba kabla jike hajaufunga mdomo. Hakuufungua tena kwa ajili yao.

Ijumaa walisimama Posta, Minza na gauni la bluu la ofisini, Anselim na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha iliyoonyesha kila kifaranga, hata jicho lake.

"Itumbukize wewe," Minza akasema.

Anselim akaisukuma kwenye tundu la sanduku, akasubiri mpaka akasikia imeanguka chini.

"Sasa naweza kusema, na haitakuzuia," akasema. "Nenda Mwanza. Soma miaka yote miwili. Lakini nataka nikuoe, Minza. Ukitaka kabla, ukitaka baada. Ila mimi sina ng'ombe hata mmoja wa mahari kwa baba yako."

"Anajua."

"Anajua nini?"

"Jumapili iliyopita nilikwenda Idete, nikamwambia kuna Mndamba mmoja hana ng'ombe. Ndiyo maana nililia vile Jumatano. Nilikuwa nimekwisha kukusemea." Akamshika mkono, mbele ya foleni nzima ya Posta. "Akacheka sana. Amesema uje Jumapili hii, na uje na kamera. Ana fahali anayemjivunia, hajawahi kupigwa picha."

"Fahali anatulia?"

"Hatulii."

Anselim akafikiri kidogo. "Spidi mia mbili na hamsini," akasema.