Umbo Lililofutwa

Saa 8:10 mchana. Chumba cha nyuma ya gereji. Harufu ya oili. Kompyuta juu ya pipa.

Walikuwa watatu: Bosi, Fundi Ramani, na kaka yake, dereva, aliyeitwa Sukani.

Fundi alichora. Umbo jekundu la pembe sita: karakana ya sonara. Duara la njano: mwisho wa macho ya kamera. Mstari wa kijani: njia ya kutorokea. Mraba wa buluu: kituo kipya cha polisi, kisicho hata na kibao, mtaa ambao Sukani hajawahi kuupita. Kila umbo na kila badiliko lilitua papo hapo kwenye simu ya Sukani.

"Leo hayafutani?" Sukani alitania. "Zamani ukichora la pili, la kwanza kwaheri."

"Ile lugha ya kompyuta, JavaScript, ilinitesa, kaka. Nilikuwa nahifadhi yote mahali pamoja. Sasa kila umbo linaingia kwenye orodha."

"Kumbe jioni zangu za kubembeleza mtoto wako hazikwenda bure!"

Jioni zote Fundi alizokwenda darasani kuisomea, mtoto alilala kifuani kwa mjomba wake.

Bosi aligusa kioo. "Hili la zambarau?"

"Chekechea. Wanatoka saa tisa. Tuzunguke."

"Saa tisa tutakuwa mbali. Futa. Nyoosha mstari."

Fundi alifuta, akanyoosha. Siku hiyo mwanawe, anayesoma hapo, alikuwa kwa bibi. Angekuwa pale, mkono ungegoma. Alilijua hilo, na lilimchoma.

Saa 8:40. Wanaume waliondoka. Yeye alibaki na ramani, simu sikioni.

Saa 8:52. "Sefu imegoma," Bosi alifoka.

Saa 8:58. "Imefunguka! Twende!" Kengele ya karakana ililia. Alama ya gari ikaanza kukimbia juu ya mstari wa kijani.

"Bosi, watoto wanatoka sasa hivi!"

"Watapisha. Sukani, honi! Kanyaga!"

Hakuna breki iliyosikika.

Saa 8:59. Fundi alibofya mraba wa buluu. Futa. Akaushika mstari wa kijani, akaukunja kushoto kabla ya chekechea.

"Kushoto, dada? Una uhakika?"

"Kushoto, kaka. Niamini."

"Nisipokuamini wewe nimwamini nani?" Matairi yakalia.

Saa 9:00. Kule chekechea geti lilikuwa linafunguliwa. Kwenye ramani, alama ya gari ilisimama pale palipokuwa na buluu. Bosi alitukana. Sauti ngeni ikabweka: "Mikono juu! Toka nje!"

Kisha Sukani, taratibu, kwa sauti ile ya kumlaza mtoto:

"Dada. Yamefutana tena, eti?"

Fundi alitazama orodha. Jekundu lipo. Njano ipo. Kijani kipo, kimekunjwa kwa mkono wake.

"Ndiyo, kaka," alisema. "Yamefutana."

"Basi usijilaumu."

Simu ikakatika.